Kompyuta Inapokwama Katikati ya Sasisho

Mazungumzo ya Afisa TEHAMA wa Halmashauri mbele ya wakazi, katika mkutano wa huduma uliofanyika kwenye ofisi ya kata. Yanachapishwa kwa ombi la waliohudhuria.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja, nalo ni kompyuta inayokwama wakati inajisasisha. Yamkini wapo wanaojiuliza jambo hilo linamhusu nini mkulima au mama anayeuza mboga sokoni. Kwa kweli wenye kompyuta katika kata yetu ni wachache, lakini wanaozitegemea ni karibu sote. Maombi ya mkopo wa mwanafunzi, cheti cha kuzaliwa, leseni ya biashara kupitia mfumo wa TAUSI, maombi ya ajira serikalini: yote hayo hupita katika mashine moja au mbili zilizoko kwenye duka la stesheneri pale senta. Mashine ile ikikwama siku ya mwisho ya maombi, aliyekwama ni mzazi aliyetembea tangu alfajiri na mwanawe aliyekuja naye.

Nitoe mfano wa jambo lililotokea, bila kumtaja mtu. Mwenye duka mmoja alifungua asubuhi akakuta kioo cha kompyuta kinaonyesha kwamba kazi ya kusasisha imefika asilimia 30, na onyo kwamba mashine isizimwe. Baada ya saa moja namba ilikuwa ile ile. Wateja walikuwa wamepanga foleni. Akachomoa waya wa umeme. Alipowasha, akakuta asilimia nyingine, naye akachomoa tena, na mara ya tatu vivyo hivyo. Jioni akaipeleka kwa fundi, na fundi akafanya kile ambacho mafundi wengi hukifanya kwanza: akafuta diski yote na "kupiga window" upya. Kompyuta ikarudi ikiwa nyepesi kama mpya. Lakini daftari la hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, la miaka miwili, lilikuwa ndani ya ile diski, na nakala nyingine haikuwapo. Kikundi kile kililazimika kukaa na kuulizana kwa mdomo nani anadaiwa nini. Mnajua wenyewe vikao vya namna hiyo huishaje.

Sasa tuanze na kuelewa mashine inafanya nini. Kila kompyuta ina programu endeshi, yaani programu mama inayoziongoza nyingine zote. Nyingi za hapa kwetu hutumia Windows, inayotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani, nami nitazungumzia hiyo. Programu hiyo ni kubwa mno, na kila mwezi hugunduliwa matundu ambayo mwizi anaweza kupitia. Kampuni huyaziba kwa kutuma sasisho. Masasisho ya kawaida hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa za asubuhi kwa Marekani ya magharibi, ambazo kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku. Ndiyo maana malalamiko mengi hunifikia Jumatano na Alhamisi za katikati ya mwezi. Atakayeiweka siku hiyo kwenye kalenda yake atakuwa ameshapunguza nusu ya mshangao.

Mzee mmoja ameniuliza kabla ya kikao: kwa nini tusiyazime kabisa masasisho hayo tukapumzika? Swali ni zuri, na jibu lake liko katika historia ya karibuni. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja baya. Wengi hawakuliweka. Tarehe 12 Mei mwaka huo kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita katika tundu hilo hilo, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa kwa sababu kompyuta hazikufunguka. Waliokuwa wameweka sasisho la Machi hawakuingiliwa kupitia tundu lile. Ni kweli pia kwamba sasisho lenyewe linaweza kuwa bovu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho la programu ya ulinzi ya kampuni iitwayo CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa kuwa milioni 8.5 kwa siku moja, na ndege zikashindwa kuruka. Hata hivyo tazameni tofauti: mashine zile zilinyanyuliwa kwa kuingia katika hali salama na kufuta faili moja lenye kasoro, na mafaili ya wenyewe yalikuwa palepale. Mafaili yaliyofungwa na mwizi ni nadra kurudi. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba masasisho yaachwe yafanye kazi, bali tuchague sisi saa ya kuyapokea.

Kukwama kuna mahali pawili, na watu huvichanganya. Mahali pa kwanza ni wakati kompyuta bado iko wazi na unaendelea na kazi, huku sasisho likipakuliwa kwa nyuma. Hapo likisimama hakuna hatari yoyote. Aghalabu bando limekwisha, mtandao ni dhaifu, au diski imejaa. Ongeza nafasi kwa kufuta takataka za zamani na filamu zilizorundikwa, zima na kuwasha kwa utaratibu, kisha ujaribu tena. Ikigoma, ndani ya mipangilio kuna kitatuzi cha matatizo ya masasisho ambacho hurekebisha kasoro ndogo. Ikigoma hata hapo, fundi anaweza kusimamisha huduma ya masasisho, kufuta vipande vilivyopakuliwa nusu katika folda iitwayo SoftwareDistribution, na kuianzisha upya ili mashine ipakue mambo safi. Huhitaji "kupiga window" kwa tatizo la hapo.

Mahali pa pili ndipo penye hofu: kompyuta imejifunga, imejiwasha upya, na kioo hakina kitu isipokuwa duara linalozunguka na namba ya asilimia. Hapa mashine inabadilisha mafaili yake yenyewe, ni kama fundi anayebadilisha nguzo za nyumba huku paa liko juu. Kwanza, namba ile haina uaminifu wa saa ya ukutani. Inaweza kusimama kwenye 30 kwa nusu saa kisha ikaruka hadi 74. Inaweza kufika 100, mashine ikajizima na kujiwasha, na hesabu ikaanza upya; hiyo si dalili ya ubovu, maana sasisho kubwa hujiwasha upya mara kadhaa. Pili, umri wa diski una maana kubwa. Mashine yenye diski ya SSD huweza kumaliza sasisho la mwezi kwa dakika chache, lakini ile ya zamani yenye sahani inayozunguka huweza kuchukua saa kadhaa, na sasisho kubwa la mwaka likakesha nalo.

Basi utajuaje kama imekwama au inajikongoja tu? Itazame taa ndogo ya diski, kwa mashine zilizo nayo. Ikimetameta, hata kwa vipindi, kazi inaendelea. Tega sikio: feni inayovuma na diski inayokwaruza taratibu ni dalili ya uhai. Iache kwa muda usiopungua saa tatu. Kama ni mashine kongwe na kesho yake si siku ya haraka, iache usiku kucha ikiwa kwenye umeme. Wakati unasubiri, chomoa flashi, printa, diski ya nje na kadi ya kumbukumbu. Kuna masasisho yanayosimama kwa sababu tu ya flashi iliyosahauliwa tunduni. Kipanya na kibodi viache.

Muda huo ukipita, taa imetulia tuli na namba haijasogea, hapo ndipo pana ruhusa ya kuizima kwa nguvu. Usichomoe waya ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 10 hivi, mpaka izime. Pumzika dakika moja, kisha washa. Mara nyingi mashine hugundua yenyewe kwamba kazi haikukamilika, huandika kwamba inarudisha mabadiliko, na baada ya muda hukufungulia mezani pako ulipokuwa jana. Tafadhali, wakati inarudisha mabadiliko usiizime tena. Wengi huharibia hapo, kwa kuwa huiona asilimia nyingine na uvumilivu umeshawaishia. Yule mwenye duka niliyemtaja hakukosea sana kuchomoa mara ya kwanza. Zile mara mbili zilizofuata zilikatiza matengenezo yenyewe.

Ikiwa haikufunguka, ipo njia nyingine. Washa, na nembo inapotokea tu, izime kwa kitufe kile kile. Fanya hivyo mara mbili. Safari ya tatu Windows itaelewa kwamba kuna tatizo na kukuletea kioo cha bluu cha matengenezo. Humo chagua utatuzi wa matatizo, kisha machaguo ya ziada. Utaona kuondoa masasisho, kukarabati uwashaji, kurejesha mfumo katika tarehe ya nyuma, na mipangilio ya uwashaji ambayo ndani yake kuna hali salama. Anza na kuondoa sasisho la mwisho. Kitendo hicho hakigusi picha wala barua zako. Ukiweza kuingia katika hali salama, ambayo kwa kawaida ni namba 4 katika orodha, jambo la kwanza la kufanya si kutengeneza. Ni kunakili mafaili yako ya muhimu kwenye diski ya nje. Baada ya hapo fundi anaweza kuendesha zile amri mbili wanazozijua, DISM kwanza na sfc baadaye, zinazokagua na kukarabati mafaili ya mfumo.

Wakati mwingine sasisho halikuleta ugonjwa, limeufichua tu. Diski inayokufa hutoa mlio wa kugonga-gonga, au huifanya mashine iwe nzito miezi mingi kabla. Sasisho linapokuja na kuandika mafaili maelfu kwa mkupuo, diski hiyo hulemewa. Katika hali hiyo kila unapoiwasha unaipunguzia siku. Mwambie fundi aitoe diski na kuisoma kupitia mashine nyingine, aokoe kilichomo, ndipo azungumzie kununua mpya.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ningependa mwenye kompyuta alichukue hata akiyasahau mengine yote. Kompyuta nyingi za kisasa hufunga diski yake kwa kufuli la siri liitwalo BitLocker. Katika mashine nyingi za Windows 11 kufuli hilo hujiwasha lenyewe mara tu mwenye mashine anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenyewe asijue. Siku za kawaida halionekani. Lakini unapoingia katika kioo kile cha matengenezo, au baada ya sasisho lililogusa uwashaji, mashine huweza kukuomba ufunguo wenye tarakimu 48. Si nywila yako ya kila siku. Usipokuwa nao, hakuna fundi wa mjini wala wa ng'ambo atakayelifungua. Kufuli lilitengenezwa kwa nia hiyo. Ufunguo huo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, nawe unaweza kuusoma kwa kuingia katika akaunti hiyo kupitia simu. Usisubiri siku ya msiba. Ukifika nyumbani leo, utafute, uunakili kwa kalamu kwenye karatasi, na uiweke karatasi pamoja na hati ya kiwanja.

Hapa wanunuzi wa kompyuta za mtumba wanapaswa kuwa makini zaidi. Mashine iliyokuja na akaunti ya mtu wa kwanza ndani yake huenda ufunguo wake uko kwa mtu huyo, ambaye humjui wala hutamwona. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji aifute mbele yako na uianzishe kwa akaunti yako wewe. Muuzaji akisita, acha mashine hapo. Na kama imewekewa Windows ya kughushi, ile inayofunguliwa kwa programu za kichochoroni, fahamu kwamba programu hizo mara nyingi hugusa mafaili ya mfumo au huzima masasisho kwa siri, na wakati mwingine huja na virusi vyake. Nimeona mashine za aina hiyo zikikwama mwezi baada ya mwezi huku mwenyewe akilaumu umeme.

Umeme nao una lawama zake. Kwa kompyuta ya mezani, kifaa cha UPS hata kidogo kitakupa dakika za kuizima kwa utaratibu, ingawa hakitatosha sasisho zima. Kwa hiyo usianzishe sasisho siku iliyotangazwa katizo au wakati mvua ya radi inajikusanya. Kwa kompyuta mpakato, betri iwe na chaji zaidi ya nusu na chaja iwe imechomekwa. Diski iwe na nafasi ya GB 20 au zaidi kabla ya sasisho kubwa. Kuhusu bando, ndani ya mipangilio ya mtandao kuna mahali pa kuiambia mashine kwamba mtandao huu unapimwa. Ukiweka hivyo, haitapakua mizigo mikubwa mpaka uruhusu. Kuna pia saa za kazi: ukiandika kwamba unafanya kazi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, haitajiwasha upya yenyewe katikati ya saa hizo. Na unaweza kuyasitisha masasisho hadi wiki tano. Wenye stesheneri, dirisha la maombi ya mikopo likikaribia, sitisheni. Likifungwa, fungulieni usiku uleule. Simu nazo hujisasisha kwa namna inayofanana na hii, ila kwao kosa kubwa ni kuanza chaji ikiwa chini.

Niseme na wenye maduka kwa neno la pekee. Ndani ya mashine zenu mna nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na namba za NIDA za majirani zenu. Mnapoipeleka mashine kwa fundi, mnampelekea na hayo yote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kazi ya mteja ikikamilika, mpe faili lake kwenye flashi yake na ulifute kwako. Yale ya kudumu, kama hesabu za vikundi, yawe na nakala mahali pawili, na pamoja pasiwe ndani ya duka. Kabla fundi hajaanza, mwulize swali moja kwa sauti: utafuta kitu? Akisema ndiyo, mwambie aokoe mafaili kwanza, hata kama ataongeza bei.

Jihadharini pia na matapeli. Ukurasa ukijitokeza unapovinjari, ukisema kompyuta yako imekwama na upige namba fulani au utume pesa kwa simu, huo ni wizi. Sasisho la kweli haliombi hela na halina namba ya kupigiwa.

Limebaki suala la Windows 10, nalo ni zito kwa sababu mashine nyingi za kata hii ndizo hizo. Toleo hilo lilitoka mwaka 2015, na huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hazikuzimika siku hiyo, lakini matundu mapya hayazibwi tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Kujiandikisha kunafanyika ndani ya mipangilio ya masasisho, na ipo njia isiyo ya malipo kwa mwenye akaunti ya Microsoft anayekubali kuhifadhi mipangilio yake humo. Kuhamia Windows 11 hakuwezekani kwa kila mashine: inahitaji chipu ya ulinzi iitwayo TPM 2.0, kumbukumbu ya GB 4, diski ya GB 64, na kwa zenye prosesa za Intel, kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache za kizazi cha 7. Nyingi za mtumba zinazouzwa kwa bei ya kuvutia hivi sasa hazifiki hapo. Wapo mafundi watakaokwambia wanaijua njia ya kulazimisha. Njia zipo, lakini Microsoft haiahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupokea masasisho, na ndizo zinazonifikia zikiwa zimekwama. Kwa mashine kongwe yenye kazi za kuandika na kuingia mtandaoni tu, Linux ni ya bure na inaweza kuipa miaka mingine, mradi ujaribu kwanza kama printa yako inakubaliana nayo.

Mkiondoka hapa, nimeweka meza nje chini ya mwembe. Aliyekuja na mashine aje nayo pamoja na chaja yake na flashi yenye nafasi, na kama anaikumbuka nywila ya akaunti yake ya Microsoft, tutautafuta ule ufunguo pamoja naye kabla giza halijaingia. Wenye mashine zilizokwama tangu wiki iliyopita watangulie.